Nani Mwenye Kwaya? Juu ya Viongozi wa Waimbaji wa Yubile wa Chuo Kikuu cha Fisk

Katika mashindano ya kwaya za shule, macho ya watazamaji hutangulia masikio yao. Mwalimu wa kwaya apandapo jukwaani na kuinua mikono, ukumbi hunyamaza, na tangu hapo hadi mwisho wa wimbo wengi wetu humtazama yeye. Akiruka, nasi twasisimka. Akifumba macho, twadhani jambo kubwa limetendeka. Majaji wanapotangaza matokeo, kombe hupokewa na yeye, na picha hupigwa yeye akiwa katikati. Hatusemi kwamba hastahili. Twauliza tu kazi yake hasa ni ipi, na yafaa ipimwe kwa kipimo gani.

Swali hili tumependa kulijadili kwa kuitazama kwaya moja ya chuo kikuu ambayo habari za viongozi wake zimehifadhiwa vizuri tangu mwanzo wake, nayo ni kwaya ya Waimbaji wa Yubile wa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Huenda msomaji akauliza kwa nini tuvuke bahari kwenda kutafuta mfano wakati kwaya zimejaa kwetu. Sababu ya kwanza ni kwamba nyimbo zilizoipa kwaya hiyo jina zilitungwa na watu walioporwa katika bara hili. Sababu ya pili ni kwamba njia waliyoianza waimbaji hao ilirudi hadi kusini mwa Afrika, ikapita karibu sana na wimbo ambao wanafunzi wetu huuimba gwarideni. Hilo la pili tutalifikia baadaye.

Shule ya Fisk ilifunguliwa Januari 1866, kabla mwaka haujatimia tangu kwisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Madarasa yake yalikuwa mabanda ya mbao yaliyoachwa na hospitali ya jeshi. Waliokuja kusoma walikuwa watumwa wa jana, watoto kwa wazee. Husimuliwa kwamba wanafunzi walikusanya minyororo na pingu zilizoota kutu katika lililokuwa boma la kuuzia watu, wakaziuza kama chuma chakavu ili wapate fedha za vitabu vya kujifunzia kusoma. Mwaka 1867 shule iliandikishwa kuwa chuo kikuu, lakini jina lilikuwa kubwa kuliko mfuko. Kufikia mwaka 1871 mabanda yalikuwa yakioza, madeni yakiongezeka, na shirika la wamisionari lililoitunza shule halikuwa na fedha za kutosha.

Mweka hazina wa chuo alikuwa Mzungu aliyeitwa George Leonard White, mwana wa mfua chuma kutoka jimbo la New York, aliyekuwa amepigana upande wa Kaskazini katika vita vile. Hakusomea muziki katika chuo chochote. Alikuwa na sikio tu, na ukaidi. Tarehe 6 Oktoba 1871 aliondoka Nashville na vijana tisa, wake kwa waume, kwenda kuitafutia shule fedha kwa kuimba, ingawa wakubwa wa shirika walikuwa na mashaka makubwa na safari hiyo. Wengi wa vijana hao walizaliwa utumwani. Mdogo wao kabisa, Minnie Tate, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Twafaa kusimama kidogo kwenye jinsi White alivyofundisha, maana hapo ndipo pana jambo la kujifunza kwa mwalimu yeyote. Waliomfahamu waliandika kwamba alimtaka mwimbaji aweke katika sauti nguvu ile ile ambayo angeiweka kama angekuwa anapaza kwa uwezo wake wote, kisha aitoe sauti hiyo ikiwa laini kadiri iwezekanavyo. Asomaye maneno haya haraka atadhani ni kitendawili. Lakini mwalimu aliyewahi kujaribu kuimbisha kidato cha kwanza kwa sauti ya chini anajua kilichomo ndani yake. Watoto wakiambiwa wapunguze sauti, hupunguza na pumzi. Wimbo hulegea, sauti hushuka, na kufikia ubeti wa tatu kwaya nzima imeporomoka kutoka mahali ilipoanzia. White alitaka upole uliobebwa na pumzi kamili. Vilevile hakutaka sauti ya mtu mmoja ijitokeze juu ya wenzake. Wasikilizaji waliozoea kelele za majukwaa ya siku hizo, ambako Wazungu walijipaka masizi na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka, walikutana na sauti iliyoanza kwa chini mno hata ikawabidi wazuie pumzi ili waisikie. Huo ulikuwa uamuzi wa kifani, lakini ulikuwa na maudhui yake pia: mtu anayedhihakiwa kila siku kwa makelele aliufanya ukumbi mzima unyamaze kwa ajili yake.

Hapa sifa za White hatuna budi kuzisimamisha kwa muda, kwa kuwa wahakiki wengi wamezisimulia kana kwamba alikuwa peke yake, ilhali hakuwa.

Safari ilipoanza, waimbaji hawakuwa wakiimba nyimbo za wazazi wao mbele ya watu. Waliimba nyimbo zilizopendwa na Wazungu wa wakati huo, na vibaba vya fedha walivyopata vilikuwa haba. Huko Cincinnati walikusanya dola zisizozidi 50, na hata hizo wakazitoa zote kwa watu walioathirika na moto mkubwa ulioiteketeza Chicago mwezi huo huo. Nyimbo za utumwani zilikuwapo, lakini zilikuwa zimefungiwa ndani. Tunajua hivyo kwa sababu mmoja wa waimbaji, Ella Sheppard, aliandika baadaye jinsi mambo yalivyokuwa. Kwa wazazi wao nyimbo hizo zilikuwa takatifu, nyimbo za ibada. Kwao vijana zilibeba pia kumbukumbu ya utumwa na giza. Walikuwa wakiimba chumbani kwa White, kwa sauti ya chini, wameketi sakafuni, wakifundishana mmoja kwa mwingine kile ambacho kila mmoja alikisikia kwao. Ilichukua miezi mingi mioyo yao ikubali kuzitoa nje.

Tuutazame mkutano huo wa sakafuni kwa makini. Nani hapo alikuwa mwalimu? Wimbo aliujua msichana aliyeusikia kwa mama yake, akaupokea mvulana aliyeusikia kwa namna nyingine katika shamba la jimbo jingine, wakasikilizana, wakaupatanisha. White hakuujua hata mmoja kabla ya kufundishwa nao. Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ilikuwa kunyamaza na kusikiliza, na kisha kuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba hizi ndizo nyimbo za kupanda nazo jukwaani. Novemba 1871, huko Oberlin katika jimbo la Ohio, mbele ya mkutano wa viongozi wa makanisa, waliziimba. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Huko huko Ohio, mjini Columbus, White akawapa jina la Waimbaji wa Yubile, kutokana na ule mwaka wa yubile wa kitabu cha Mambo ya Walawi, mwaka ambao watumwa huachiwa huru. Machi 1872 waliimba mbele ya Rais Grant. Mwaka 1873 walivuka kwenda Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Safari ya kwanza ilileta dola 20,000. Fedha za Uingereza zilijenga jumba kubwa liitwalo Jubilee Hall, lililozinduliwa tarehe 1 Januari 1876, na hadi leo limesimama. Kwa miaka saba yote makusanyo yao hukadiriwa kufika dola 150,000.

Sasa tumzungumzie Ella Sheppard, maana ndiye aliyetufanya tuandike makala haya.

Alizaliwa mwaka 1851 mjini Nashville, mtumwa na mwana wa mtumwa. Baba yake, aliyekwisha kujikomboa, alimnunua binti yake kwa dola 350; mama hakukombolewa, akapelekwa Mississippi, na mtoto hakumwona tena hadi baada ya vita. Baba alipofariki kwa kipindupindu huko Cincinnati, msichana alibaki hana kitu. Alipata mwalimu wa sauti, Mzungu, aliyekubali kumfundisha kwa sharti kwamba asimtaje kwa mtu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapanda chumba cha nyuma ghorofani, na kufundishwa usiku, tangu saa tatu hadi saa nne kasorobo. Alipata masomo 12 tu ya namna hiyo. Kisha alifundisha shule kwa miezi mitano, akaweka akiba ya dola sita, na kwa dola hizo sita akaja Fisk mwaka 1868.

Huyu ndiye aliyekaa kwenye kinanda. Alikuwa msaidizi wa White, mtunza nyimbo, na mwendesha mazoezi. White alipokuwa mbele kutafuta kumbi na kupanga matangazo, au alipolala kitandani kwa maradhi, na alikuwa mgonjwa mara nyingi, kwaya ilikuwa mikononi mwa Sheppard. Alikuwa na umri wa miaka 20 safari ilipoanza. Kundi la kwanza lilipovunjika huko Ujerumani mwaka 1878, watu wamechoka, afya za wengine zimeharibika kabisa, alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwamo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1879 White alipoliunda upya, Sheppard alikuwa pamoja naye. Na baadaye, akiwa mke wa mchungaji, aliendelea kuwasaidia na kuwafunza vijana wa Fisk nyimbo zile karibu hadi kufa kwake mwaka 1914.

Sisi tulioishi miaka mingi katikati ya majalada ya ofisi tunalijua jambo hili vizuri: anayetia sahihi barua mara nyingi siye aliyeiandika. Barua huandikwa na karani, hupita kwa mkuu wa sehemu, hubadilishwa nukta mbili, na hutoka kwa jina la mwingine. Hakuna anayeona ajabu, na barua hufanya kazi yake. Lakini historia ya sanaa haipaswi kuandikwa kwa kusoma sahihi peke yake. Tukitazama ni nani aliyekuwa nyimbo hizo amezibeba kifuani, ni nani aliyezipatanisha kila siku katika mazoezi, na ni nani aliyezikabidhi kwa kizazi kilichofuata, basi kiongozi wa muziki wa kwaya ile alikuwa yule msichana wa mlango wa nyuma.

Kuna mtu wa tatu wa wakati huo anayestahili kutajwa, naye ni Theodore Seward, aliyeziandika nyimbo hizo kwa noti na kuzichapisha mwaka 1872. Alitambua kwamba zaidi ya nusu yake hazina sauti ya nne wala ya saba ya ngazi. Mwanafunzi anayesoma sofa ataelewa kwamba fa na ti hazimo. Nyimbo nyingi za kwetu bara zimejengwa hivyo hivyo. Kitabu cha Seward kiliziokoa nyimbo, na papo hapo kikazifunga. Wimbo uliozoea kurefushwa au kufupishwa kwa kadiri ya machozi ya siku hiyo sasa ulikuwa na mistari, vipimo na mwisho. Mshairi anayetunga kwa vina na mizani hawezi kulaumu vipimo, nasi hatulaumu. Twasema tu kwamba kiongozi anayepokea wimbo kutoka kitabuni amepokea nusu yake, na nusu nyingine hana budi kuitafuta kwa watu.

Hapo ndipo inapoingia familia ya akina Work. John Wesley Work, ambaye baba yake aliongoza kwaya ya kanisa mjini Nashville, alikuwa mwalimu wa Kilatini katika Fisk. Alirithi tatizo ambalo walimu wetu hawalioni geni. Wanafunzi wa miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20 waliona haya kuimba nyimbo za watumwa. Walitaka nyimbo za Ulaya, ambazo kwao ndizo zilizokuwa dalili ya elimu. Nani kati yetu hajawahi kumwona kijana wa sekondari akigeuza uso pale bibi yake anapoanzisha wimbo wa jando au wa mavuno mbele ya wageni? Work hakuwakemea. Yeye na mkewe Agnes waliwafundisha, na pamoja na ndugu yake Frederick alizunguka akikusanya nyimbo na kuzichapisha, na mwaka 1915 akatoa kitabu cha kuzieleza. Miaka michache nyuma, mwaka 1903, W. E. B. Du Bois, aliyehitimu Fisk mwaka 1888, alikuwa amezitengea nyimbo hizo sura ya mwisho ya kitabu chake juu ya roho za watu weusi. Msomi wa fikra na mwalimu wa Kilatini walikuwa wakiivuta kamba moja.

Mwaka 1909 Work na wenzake watatu waliimba mbele ya mashine, na santuri zao zikaenea Marekani. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo tuna lawama moja. Waliorekodiwa walikuwa wanaume wanne. Kwaya iliyoanzishwa na wasichana wengi kuliko wavulana ilifika kwenye santuri bila sauti ya mwanamke, na Ella Sheppard wakati huo alikuwa hai, yuko Nashville. Gharama za kusafirisha kundi kubwa zilikuwa sababu ya kutumia watu wanne, nasi twaikubali sababu hiyo kama hesabu. Kama uamuzi wa sanaa, ulikuwa hasara.

Work aliondoka Fisk mwaka 1923, akafariki mwaka 1925. Uongozi ukashikwa na akina Myers, mume na mke, na bibi Henrietta Crawley Myers aliendelea hadi mwaka 1947. Kwa hiyo mwanamke hatimaye alisimama mbele, na kwa muda mrefu. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wanaomtaja White kwa wepesi hawamtaji huyu.

Baada yake alikuja mwana wa yule Work, naye jina lake John Wesley Work, wa tatu. Ili kuielewa kazi yake yafaa tukumbuke shutuma iliyotolewa mwaka 1934 na mwandishi Zora Neale Hurston. Alisema kwamba zile zinazoimbwa majukwaani na kwaya za vyuo si nyimbo za kiroho zenyewe, bali ni tungo mpya zilizojengwa juu yake. Wimbo halisi, kwa maoni yake, uko kanisani kijijini, haupangwi mara moja kwa siku zote. Una pumzi zinazosikika, sauti zinazogongana, na kila mara huzaliwa upya. Kwaya ya chuo imeuvalisha suti.

Shutuma hii ni nzito, na yeyote aliyeona ngoma ya kwao ikipandishwa jukwaani na kikundi cha utamaduni ataelewa uzito wake. Ngoma iliyochukua usiku kucha hukatwa ikawa dakika saba. Manju aliyekuwa akimjibu mtu fulani kwa jina sasa anaimba maneno yaliyokaririwa. Duara linafunguliwa ili wageni waliokaa kwenye viti waone nyuso. Kimoja kimepatikana, kingine kimekwenda. Twakubaliana na Hurston kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti. Hatukubaliani naye iwapo maana yake ni kwamba cha pili hakina haki ya kuwapo. Bila vijana wale tisa ukumbi usingenyamaza, na nyingi za nyimbo zile zingezikwa pamoja na wenyewe.

Work wa tatu alilijibu suala hili kwa miguu yake. Alikuwa mtunzi aliyesoma sana, angeweza kukaa Nashville na kupanga sauti nne hadi kustaafu. Badala yake, mwaka 1941 na 1942, alikwenda katika wilaya ya Coahoma, Mississippi, pamoja na watafiti wenzake wa Fisk na mtafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Alan Lomax, kurekodi nyimbo za watu wa mashambani, za ibada na za dunia. Santuri za safari hiyo zilimpatia Lomax sifa. Maandishi ya Work na wenzake yalibaki hayajachapishwa hadi mwaka 2005, miaka 38 baada ya Work kufariki. Kwa mara ya pili katika habari hii tunakuta sahihi ya mmoja na kazi ya mwingine.

Aliyemfuata, Matthew Kennedy, alikuwa mpiga kinanda hodari aliyeongoza kwa vipindi mbalimbali hadi miaka ya 1980, na tunampita kwa haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu tunaharakia ahadi tuliyoitoa mwanzo.

Miongoni mwa waimbaji wa kundi la 1875 alikuwamo Frederick Loudin, mwenye besi nzito. White alipoachia uongozi, Loudin alilichukua jina, na kuanzia mwaka 1884 hadi 1890 alizunguka na kundi lake dunia nzima, hata Australia, India na Japani. Katika kundi hilo aliimba kijana aitwaye Orpheus McAdoo. McAdoo alijitenga, akaunda kundi lake mwenyewe, na mwezi Juni 1890 akashuka Cape Town. Kundi lake lilizunguka Afrika ya Kusini kwa miaka kadhaa katika muongo ule. Waafrika waliosoma katika shule za misheni waliliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: watu weusi, wana wa watumwa, wamevaa nadhifu, wakiimba nyimbo zao wenyewe kwa sauti nne, na Wazungu wakilipa kiingilio. Mwaka 1891 kwaya ya Waafrika wa huko ilisafiri kwenda Uingereza kuchangisha fedha za shule, na ndani yake alikuwamo Charlotte Manye, ambaye baadaye, kwa jina la Charlotte Maxeke, akawa mmoja wa viongozi wakubwa wa wanawake wa nchi ile.

Mwaka 1897 mwalimu wa shule na mwongozaji wa kwaya karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Nyimbo zake aliziandika kwa sofa. Hatudai kwamba Sontonga alifundishwa na McAdoo, wala kwamba wimbo ulitoka Tennessee. Nyimbo za kanisa za Waingereza na sauti za Waxhosa wenyewe zimo humo kwa wazi. Tunasema kwamba alikuwa kijana wa miaka ile, mwalimu wa kwaya katika nchi ambayo kwaya za watu weusi zilikuwa zimekwisha kuonyesha mbele ya umma kwamba jambo hilo lawezekana. Desemba 1961 sauti ya wimbo wake, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa taifa la Tanganyika, na Tanzania inauimba hata sasa. Basi mwanafunzi asimamapo wima gwarideni anaimba kazi ya mwalimu wa kwaya ya shule. Walimu wa kwaya wanaolalamika kwamba kipindi chao huchukuliwa na hisabati wanaweza kulitumia neno hili mbele ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1994 Fisk ilimpata kiongozi aliyezaliwa Afrika. Paul Kwami alikuwa Mghana, mwalimu wa muziki aliyefika Nashville mwaka 1983 kuwa mwanafunzi, akaimba ndani ya kundi lenyewe, na miaka kumi na moja baadaye akakabidhiwa kuliongoza. Mwaka 2007 aliwapeleka waimbaji wake Ghana, katika sherehe za miaka 50 ya uhuru wa nchi hiyo. Mwaka 2021 kundi lilipata tuzo ya Grammy kwa santuri ya kuadhimisha miaka 150.

Jambo la Kwami linalotuhusu ni kwamba siku ya onyesho hakusimama mbele. Waimbaji waliingia, wakasimama karibu karibu, na kuanza bila mkono wa mtu. Mtazamaji asiyejua angedhani kwaya haina mwalimu. Lakini fikirini kinachotakiwa ili hilo liwezekane. Lazima kila mmoja aisikie pumzi ya jirani yake, kwa kuwa hiyo ndiyo ishara ya kuanza. Lazima besi wajue sauti ya kwanza inafanya nini, na siyo zamu yao tu. Lazima mwimbaji mmoja, mahali hapa, na mwingine, mahali pale, abebe uamuzi wa kupunguza mwendo, na wenzake wamwamini. Kazi yote hiyo hufanyika miezi mingi kabla, katika chumba kisicho na watazamaji. Ni chumba kile kile cha White, waimbaji wameketi sakafuni.

Tulipata wakati mmoja kuwa miongoni mwa majaji wa mashindano ya shule za wilaya. Basi la shule moja lilifika na wanafunzi, mwalimu wao akiwa amebaki njiani kwa homa. Wanafunzi waliomba waimbe hivyo hivyo. Msichana mmoja wa safu ya mbele alitoa sauti kwa kuvumisha puani, wenzake wakaishika. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko wa kwaya nyingi tulizozisikia siku ile. Wa pili pia. Katika wa tatu palikuwa na mahali ambapo besi huingia peke yao baada ya kimya, na hapo hawakuingia. Walitazamana. Ukimya uliendelea, wachache katika ukumbi wakacheka, kisha yule msichana akaanza yeye maneno ya besi, kwa sauti yake ya juu, na wavulana wakamfuata hadi mwisho. Majaji tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema alama za wimbo wa tatu zikatwe nusu, kwa kuwa kosa ni kosa. Wengine tulisema kwamba mahali pale palionyesha kwa uwazi ni sehemu gani ya wimbo mwalimu alikuwa hajawakabidhi, na kwamba kila mahali pengine alikuwa amekwisha kuwakabidhi. Walipewa nafasi ya pili, na hadi leo hatuna hakika kama tulitenda haki.

Kwami alifariki Septemba 2022. Kundi halikuvunjika. Kila mwaka, tarehe 6 Oktoba, siku waliyoondoka wale tisa, chuo cha Fisk husimamisha kazi zake. Waimbaji wa mwaka huo huimba mbele ya wenzao, kisha huenda makaburini mjini Nashville walikozikwa baadhi ya waimbaji wa kwanza, Ella Sheppard akiwamo, wakasimama juu ya makaburi hayo na kuwaimbia nyimbo walizozipokea kutoka kwao.